Kanzu ya Mto

Jumapili ya pili ya kila mwezi, ukimpigia simu shangazi yangu asubuhi hapokei. Yumo mtoni. Kavaa suruali ya mpira inayompanda hadi kifuani, mtandio kaufunga nyuma ya shingo, na pamoja na majirani kumi na tano au ishirini anavuta kitu kilichozama kwenye tope: tairi, fremu ya baiskeli, kigari cha supamaketi, na safari moja zulia zima la sebuleni lililolowa hata likataka watu sita.

Mto wenyewe ni Wandle, kusini mwa London. Hauzidi kilomita 15 hivi. Unaanzia kwenye chemchemi za Croydon na Carshalton, unapita Merton, unamwagika katika mto Thames pale Wandsworth. Ukiuona mara ya kwanza nyuma ya maghala na maegesho ya magari, hutadhani kuwa ni jamaa wa Test na Itchen ya Hampshire, mito ambayo wapenzi wa kuvua kwa ndoano huifuata kutoka nchi za mbali. Lakini ni wa ukoo mmoja. Yote ni mito ya chaki.

Neno hilo linahitaji maelezo. Chaki ni mwamba mweupe, laini, uliojengeka chini ya bahari zama za dinosaria, kutokana na maganda ya vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Mvua ikinyesha juu ya vilima vya mwamba huo haikimbii juu ya ardhi. Inazama. Inapenya kwenye vitundu na nyufa, inakaa humo miezi, kisha inatoka chini ya kilima kama chemchemi, imechujwa, safi kama kioo, na baridi ya nyuzi 10 au 11 masika na kiangazi. Ndiyo maana mto wa chaki haufuriki kwa pupa wala haukauki kwa pupa. Duniani kote mito ya namna hii ni mia chache tu, na takriban asilimia 85 iko Uingereza. Iliyobaki mingi iko kaskazini mwa Ufaransa, na michache Denmark.

Mwezi uliopita mjomba alikuja kwa shangazi kula mchana, akakuta buti zenye tope mlangoni. Mjomba ni fundi bomba, miaka thelathini anafunga mabomba katika nyumba mpya za jiji hili. Shangazi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Bububu, Unguja. Mazungumzo yalianza kabla ya wali kupakuliwa na hayakwisha hadi saa mbili za usiku. Nayaandika kama nilivyoyasikia, na pale nilipoingia mimi nitasema.

MJOMBA: Shemeji, nikuulize bila ya kukuudhi. Wewe una miaka sitini na saba. Kampuni ya maji inachukua pesa yako kila mwezi. Halmashauri inachukua kodi yako. Sasa hilo tairi, kwa nini ulitoe wewe?

SHANGAZI: Kwa sababu nililiona.

MJOMBA: Hilo si jibu.

SHANGAZI: Ni jibu, ila halijakutosha. Kaa nikueleze. Mto huu, miaka ya sitini, serikali yenyewe iliutangaza kuwa ni mfereji wa majitaka. Hawakusema umechafuka, wakausafishe. Walisema huu si mto tena. Na huko nyuma ulikuwa unaendesha vinu kwa makumi, vya unga, vya ugoro, vya shaba, vya kupiga chapa vitambaa. William Morris alihamishia karakana yake Merton mwaka 1881 kwa ajili ya maji haya, ayafulie vitambaa vyake vya maua. Jiji limeula mto, kisha likasema mto hakuna. Waliorudi kuuita mto ni watu wa mitaa hii, kwa mikono. Leo mna trauti wanaozaana humo.

Niseme neno kuhusu trauti, kwani msomaji wa Nyeri au Nyandarua anamjua: samaki wa madoadoa ambaye wakoloni walimpeleka katika mito baridi ya Aberdare na Mlima Kenya. Hapa ndipo kwao. Anataga katika changarawe safi, si kwenye tope, kwa sababu mayai yake yanahitaji maji yanayopita katikati ya vijiwe yakiyaletea hewa. Tope likiziba nafasi hizo, mayai yanakufa bila mtu kujua. Kwa miaka mingi shule za kando ya Wandle zimekuwa zikipewa mayai ya trauti wakati wa baridi. Watoto wanayatunza katika tangi lenye maji baridi darasani, na majira ya kuchipua wanakwenda kuwaachia samaki mtoni. Nilishuhudia mara moja. Mtoto wa miaka minane ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili kama anayebeba uji wa moto, ndani yake samaki asiyefikia urefu wa njiti ya kiberiti. Alikiinamisha polepole, samaki akasita ukingoni, halafu hayupo. Mtoto alibaki ameinama akitazama pale pale kwa muda mrefu sana.

MJOMBA: Hayo ni mazuri, sikatai. Lakini mimi ni fundi, nauliza maji yanatoka wapi. Yale madimbwi ya Carshalton, pale mbele ya kanisa wanapopigia picha za harusi, chemchemi yake inatosha?

SHANGAZI: Si kila mwaka.

MJOMBA: Sema yote, Shemeji.

SHANGAZI: Maji ya ardhini yakishuka, pampu inayachukua maji ya mto kutoka bondeni na kuyarudisha juu kwa bomba hadi madimbwini, ili mto uwe na mwanzo.

MJOMBA: Umesikia, mpwa wangu? Mto unanyweshwa maji yake wenyewe kwa pampu, kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu. Na kwa nini chemchemi haitoshi? Kwa sababu visima virefu vimechimbwa kwenye chaki kuzunguka kote huku, vinavuta maji yaende mabombani. Nayajua, nayafungia koki. Halafu kule chini sehemu kubwa ya maji ya mto ni yale yanayotoka kwenye mtambo wa kusafisha majitaka wa Beddington. Mwaka 2007 si uliua mto? Klorini ya kusafishia mitambo ilimwagika ikaua samaki kwa maelfu. Kazi yenu ya miaka, siku moja.

SHANGAZI: Siku moja. Ni kweli.

Aliyasema hayo akitazama mikono yake. Shangazi hakuwapo mwaka huo, alijiunga baadaye, lakini wenzake wa zamani wanaizungumzia ile Septemba kama watu wanavyozungumzia msiba. Waliingia mtoni kuokota samaki waliowatunza tangu wakiwa mayai. Kampuni ya maji ilishitakiwa, ikakiri kosa, na ikatoa fedha za kuurejesha mto.

MJOMBA: Basi hapo ndipo ninapogomba. Mto wa chaki una mambo matatu: maji yake, usafi wake, na umbo lake. Maji yako mikononi mwa mwenye pampu. Usafi uko kwa mwenye mtambo na mkulima mwenye mbolea na dawa zake. Nyinyi mmeachiwa umbo. Mnaambiwa tieni changarawe, pandeni matete, fungeni matita ya fito mbanie kingo. Mnashukuru. Wanapiga picha na nyinyi.

SHANGAZI: Umbo si jambo dogo, Shemeji. Mto huu ulipanuliwa na kunyooshwa kwa ajili ya vinu. Maji machache katika mfereji mpana yanalala, yakilala yanaangusha tope, tope linaziba changarawe. Tukibana mkondo kwa matita ya fito, maji yanapata mbio na kusafisha sakafu yenyewe. Nimeiona kwa macho yangu: tumefunga Jumapili, baada ya wiki chache changarawe inang'aa.

MJOMBA: Nakuamini. Lakini fikiri. Mtoto alikuwa mnene, mkamnyima chakula, akakonda. Sasa kanzu inampwaya. Nyinyi mnaishika kanzu mnaipunguza, halafu mnasema: angalieni inavyomkaa vizuri! Kumbe mtoto bado ana njaa.

Hapo palikuwa kimya. Mimi nilikuwa nakuna nazi ya kuongezea kwenye mchuzi, nikaacha. Nimesoma mengi kuhusu mito hii, ripoti na mikakati, ukiwamo ule mkakati wa kuirejesha mito ya chaki uliotolewa mwaka 2021 na wanaharakati, kampuni za maji na maofisa wakikaa meza moja. Na sikuwahi kusikia hoja hiyo ikisemwa kwa ufupi kama alivyoisema fundi bomba. Mkakati wenyewe uliweka sawa yale mambo matatu, maji na usafi na umbo, na kusema wazi kwamba moja bila ya mengine halifai. Lakini katika vitendo, lile la tatu ndilo rahisi kufadhiliwa, kwa sababu halimgusi mtu mfukoni.

SHANGAZI: Nimekubali mfano wako. Sasa nisikilize na mimi. Mtoto mwenye njaa, nani aliyejua kwamba ana njaa?

MJOMBA: Kila mtu anaona.

SHANGAZI: Hapana! Hakuna anayeona. Ndiyo shida ya mto wa chaki, unakufa huku unang'aa. Watu wanapita darajani, maji meupe, wanasema masha-Allah. Mwaka 2013, mto Kennet, huko Marlborough. Maji safi, samaki wanaogelea. Wenzetu wa kule, watu wa kujitolea, wakaenda kupima kama kawaida yao. Wakatia wavu, wakamwaga kwenye sinia. Uduvi hakuna. Mabuu ya wadudu yamekufa.

Niueleze upimaji huu, kwa sababu nimeufanya pamoja naye na ndio ulionibadilisha fikra. Unasimama mtoni, umeelekea mkondo unakokwenda, wavu wenye mpini umeuweka mbele ya miguu yako. Unatifua changarawe kwa kisigino, dakika tatu kwa saa. Kila kinachong'oka kinachukuliwa na maji kuingia wavuni. Dakika moja zaidi unageuza mawe kwa mkono. Halafu unamwaga vyote kwenye sinia nyeupe yenye maji, na kwa muda huoni kitu isipokuwa majani yaliyooza. Subiri. Jani moja linatembea. Si jani, ni buu aliyejijengea ala ya vipande vya majani na chembe za mchanga, katoa kichwa. Uduvi wa maji baridi wanaogelea kiubavuubavu, wamejikunja. Yule bapa aliyeshikilia jiwe, miguu kaitandaza ili mkondo usimbebe, ndiye atakayeota mabawa na kuruka juu ya mto jioni moja ya kiangazi, atage mayai, afe. Unawahesabu kwa makundi manane, unaandika namba. Hesabu ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa kwa mahali pale, unaupigia simu Wakala wa Mazingira.

Ndivyo ilivyokuwa Kennet. Uchunguzi ulikuta klopirifosi, dawa ya kuulia wadudu, iliyokuwa imepitia kwenye mtambo wa majitaka. Kiasi kidogo tu, lakini kilimaliza wadudu kwa takriban kilomita 15 za mto. Samaki hawakufa siku ile, kwa hiyo asiye na sinia asingejua kitu. Matumizi mengi ya dawa hiyo Uingereza yalipigwa marufuku mwaka 2016.

SHANGAZI: Kwa hiyo, Shemeji, tairi ndilo mlango. Mtu anakuja kutoa tairi. Wiki ya tatu anauliza, mbona hapa pananuka? Mwezi wa sita anajua jina la kila bomba linalotoka ukutani. Mwaka wa pili yumo mkutanoni, na mkubwa wa kampuni akisema mto uko salama, yeye ana daftari.

MJOMBA: Na daftari likafunga pampu wapi? Nitajie moja.

SHANGAZI: Mto Ver. St Albans.

Alikuwa akiingoja hiyo. Watu wa bonde la Ver, Hertfordshire, waliunda chama chao mwaka 1976, mto wao wa juu ukiwa unakauka huku kituo cha pampu cha Friars Wash kikivuta maji kwenye chemchemi zake. Walipiga picha kingo kavu, waliandika, walihudhuria mikutano isiyohesabika. Mwaka 1993 kituo kilifungwa, na maji yakarudi mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakipita kwa miguu mikavu. Ni miaka kumi na saba ya barua. Ver bado unaumia wakati wa ukame, lakini una mwanzo.

MJOMBA: Miaka kumi na saba.

SHANGAZI: Ndiyo. Na Kennet wenyewe: maji yalikuwa yakivutwa Axford na kupelekwa Swindon, na yakishatumika hayarudi Kennet hata tone, yanaishia Thames. Watu wa mto wakagomba mpaka likalazwa bomba la kuleta maji ya kwingine, uvutaji ukapunguzwa.

MJOMBA: Haya, sasa niseme la moyoni. Mimi nina watoto watatu London hii, hakuna hata mmoja mwenye nyumba. Kule Cambridge Wakala wa Mazingira uliwahi kupinga maelfu ya nyumba kwa sababu maji ya chaki hayatoshi. Nasikia watu walishangilia. Walioshangilia wana nyumba! Na hiyo mito yenu, nani anaifaidi? Stockbridge, ukingoni mwa mto Test, kuna klabu ya kuvua iliyoanzishwa mwaka 1822, wanachama wachache, huingii kwa pesa tu. Siku moja ya kuvua mto Test ni mamia ya pauni. Mtoto wangu akose nyumba ili bwana mmoja apate trauti?

Hoja hii inaniuma, nami siwezi kuipita kwa haraka. Kuna ukweli ndani yake: kwa miaka mingi mito ya chaki ilitetewa zaidi na wenye kingo zake, na lugha ya utetezi huo ilikuwa ya klabu. Lakini Wandle hauna klabu ya namna hiyo. Unapita katikati ya majengo ya halmashauri, watoto wanachezea miguu humo baada ya shule, na wanaovua humo wanavua kwa leseni ya kawaida ya nchi. Mto Chess, nao wa chaki, unapita Chesham mjini. Mto wa chaki ulio karibu na maskini ndio uliovutwa na kutiwa majitaka zaidi, kwa sababu hakukuwa na bwana wa kugomba. Kuuachia ufe kwa hoja ya usawa ni kumnyang'anya maskini mara ya pili.

Nikamwambia mjomba hivyo. Akanitazama.

MJOMBA: Na nyumba?

SHANGAZI: Nyumba zijengwe. Wewe fundi bomba, nikuulize: mabomba ya nchi hii yanavuja kiasi gani?

MJOMBA: Sana.

SHANGAZI: Takriban lita bilioni tatu kila siku, England na Wales. Lita bilioni tatu, Shemeji! Sisi tunaambiwa tufunge mfereji tunapopiga mswaki. Mtu mmoja hapa anatumia lita kama 140 kwa siku, maji ya chemchemi ya kusukumia choo. Na kwa miongo hawakujenga bwawa kubwa la kuhifadhi maji ya masika, kwa sababu kuvuta kutoka kwenye chaki ni rahisi, yamejichuja yenyewe. Havant wanajenga moja sasa ili Test na Itchen ipumue. Karibu na Abingdon wanataka kujenga jingine, kubwa mno.

MJOMBA: Na wanavijiji wa huko wanalipinga. Kila mtu anataka maji, hakuna anayetaka bwawa nyuma ya nyumba yake.

SHANGAZI: Wanalipinga, na wana sababu zao, watapoteza mashamba. Sikusema ni rahisi.

Akanyamaza kidogo, halafu akazungumzia Bububu. Sisi watu wa Unguja, alisema, maji ya jiweni tunayajua. Mwamba wetu ni wa matumbawe, lakini tabia ni hiyo hiyo, mvua inazama na chemchemi inatoka. Sayyid Barghash alipojenga bomba la kuleta maji mjini katika karne ya 19, aliyatoa kwenye chemchemi za upande wa Bububu, na mjini watu wakaacha kununua maji ya kuchotwa. Bibi yake shangazi alikuwa akiwakataza watoto kukata miti pale chemchemi inapotokea, bila ya kueleza kwa nini. London nayo ilifanya vivyo hivyo mwaka 1613, walipomaliza kuchimba mfereji wa makumi ya maili kuleta maji ya chemchemi za chaki kutoka Hertfordshire. “Mji wowote,” alisema, “una chemchemi inayoulisha. Tofauti ni kama watu wa mji wanaijua.”

MJOMBA: Bibi yako hakuwa na pampu ya kupambana nayo.

SHANGAZI: Hakuwa nayo. Wewe je, uko upande wa pampu?

MJOMBA: Mimi niko upande wa hesabu. Nyinyi mnahesabu uduvi. Vizuri. Visima vinavyovuta maji ya Wandle ni vingapi? Kila kimoja kimeruhusiwa kuvuta lita ngapi kwa siku? Kinavuta ngapi hasa? Leseni inakwisha lini?

SHANGAZI: Daftari la leseni liko wazi kwa umma. Mtu yeyote anaweza kuomba kuliona.

MJOMBA: Nani kati yenu ameliomba?

Shangazi hakujibu mara moja. Alianza kutaja majina ya wenzake kwa vidole: yule anajua ndege, anamjua mdiria kwa mlio tu, yule mimea, yule amestaafu posta, hodari wa kuandika barua, wawili wa wadudu.

MJOMBA: Wa mabomba hakuna.

SHANGAZI: Wa mabomba hakuna.

Mjomba akavuta kiti karibu na meza, akasogeza sahani, akaomba kalamu. Nyuma ya bahasha ya bili ya maji ya shangazi akachora mstari mmoja mrefu wa mto, akatia nukta Carshalton, nukta Beddington, nukta Wandsworth, kisha akaanza kumuuliza kila alichokiona ukingoni: uzio wenye kufuli, kijumba cha matofali kisicho na dirisha, mlio wa mashine usiokatika usiku. Shangazi akawa anakumbuka, mjomba anachora. Walipofika Merton bahasha ilijaa, nikaenda kutafuta karatasi.